Maji Niliyomwoshea Mtani Wangu

Kwanza nikueleze kitanda, maana mimi hakuna aliyenieleza. Ni kitanda cha turubai kilichotobolewa katikati, na chini ya tundu hilo imewekwa ndoo. Unalazwa hapo bila nguo ya chini, na kila anayepita anaona ndoo yako imefika wapi. Utaona haya. Nami niliona haya, tena nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa niliyezoea kuchana nywele mara tatu kwa siku. Haya ile iliisha kwenye chupa ya pili ya maji ya mshipani. Kuanzia hapo unachotaka ni kunywa tu, na mtu wa kukushika miguu inapokakamaa.

Wodi yetu ilikuwa darasa la tatu la shule ya msingi. Watoto walikuwa wamerudishwa makwao, ubaoni pamebaki hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyezimaliza. Nilipokuwa na fahamu nilizifanya kichwani, nikakosea, nikaanza upya. Siku sikuzihesabu kwa jua. Nilizihesabu kwa chupa, na chupa zangu zilikuwa kumi na moja. Kwenye chupa ya sita nilisema neno nililopaswa kulisema kwenye ya kwanza. Neno la pili nililibeba msimu mzima kabla sijalitoa. Ninaandika kwa ajili ya maneno hayo mawili. Mambo ya ugonjwa wenyewe nesi atakueleza vizuri kuliko mimi niliyeishia darasa la saba.

Kwetu ni Lusu, upande wa Nzega. Mvua za kwanza zilipoanza niliaga, nikaenda magharibi ya Tabora kutafuta kazi ya tumbaku. Njaa haikunipeleka. Nilipelekwa na ndoto: nilitaka kufungua studio ya picha pale Nzega mjini, yenye pazia lililochorwa ndege inayopaa, mtu akisimama mbele yake aonekane anasafiri. Kamera nilikuwa bado sijaigusa hata kwa kidole, lakini pazia nilikuwa nimekwisha kulichora mara nyingi mchangani kwa kijiti.

Nilipokewa na Mzee Mihayo. Siku hizo kumwajiri mtu shambani kwako kulikuwa unyonyaji. Tuliambiwa hivyo mikutanoni, na sisi wenyewe tulipiga makofi. Lakini tumbaku haisubiri mkutano uishe. Jani likiiva linataka kuchumwa, kufungwa kwenye fito, kupandishwa kwenye bani, ile nyumba ndefu ya udongo ya kukaushia majani, na moto wa bani haulali wiki nzima. Watu wa nyumba moja hawawezi. Basi kila mwenye shamba kubwa alikuwa na wapwa. Walikuja na mvua, wakaondoka baada ya mnada, na majirani hawakuuliza kwa sababu nao walikuwa na wapwa wao.

Mihayo alikuwa na wapwa watatu. Mimi. Bukuru, Muha mpole wa upande wa Kigoma, mtu wa maneno kumi kwa siku. Na Kondo, Mzaramo wa pwani aliyekuja na kazi ya reli miaka mingi nyuma, reli ikamaliza kazi ikamwacha. Kondo alikuwa amemzidi mjomba wake umri, tena hakuwa na meno ya mbele.

"Shikamoo, mjomba," alimwamkia Mihayo kila asubuhi mbele ya watu, kwa sauti ya kitoto.

"Marahaba, mpwa wangu." Mihayo alijikaza asicheke.

"Mjomba, utaniozesha lini?"

"Ukiota meno."

Mimi na Kondo tulikuwa watani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo vichwani, kwa njia ile ile ya zamani inayopita nyuma ya shamba la Mihayo. Mpagazi akifia Uzaramo, mbali na ndugu zake, Mzaramo ndiye aliyemwosha na kumzika, akamtukana huku akimzika ili kilio kipungue. Nasi tukawafanyia wao vivyo hivyo. Kwa hiyo Kondo alinitukana mchana kutwa. Alisema vichwa vyetu ni bapa kwa kubeba pembe za wenyewe. Nami nilimwambia wao hukaa chini ya mnazi kusubiri nazi iwaone huruma. Mama Nyamizi, mke wa Mihayo, aliyekuwa akitupikia, alitutoa jikoni kwa mwiko. "Nendeni mkatukanane huko kwenye moshi, ugali wangu unasikia."

Redio ikaanza kusema kipindupindu kimeingia bara. Barabarani zikawekwa kamba. Wageni wasio na barua ya balozi wa nyumba kumi wa kwao wakawa wanakusanywa na kurudishwa walikotoka. Sisi barua hatukuwa nazo, maana sote tuliondoka makwetu kama watu wanaokwenda sokoni. Siku moja, Kondo akiwa ametoka kurudi mjini kununua kamba za kufungia majani, nesi na balozi walipita nyumba kwa nyumba na orodha na vidonge. Mihayo alituingiza kwenye bani, akavuta mlango.

"Humo kuna watu?" tulimsikia nesi akiuliza.

"Kuna tumbaku," Mihayo akajibu.

Ndani, Kondo alijitandika jani bichi kichwani na kuninong'oneza, "Mimi daraja la kwanza. Wewe ni majani ya chini, yameingia mchanga." Nilijiziba mdomo kwa shati nisicheke. Nesi akaenda zake na vidonge vyake. Kicheko kile nilichokizuia bado kinanijia, tena hunijia nikiwa nimetulia kabisa, na kikija siwezi kula.

Siku ya tatu baada ya hapo Kondo aliamka anaharisha. Hakuumwa tumbo, na hilo ndilo lililotudanganya. Yalikuwa maji tu, kama maji ya kuoshea mchele, yakatoka na kutoka. Kufikia adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Nilimwambia Mihayo tumpeleke. Mihayo alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nikimtoa nje, bani itafunguliwa. Nitaulizwa nyie ni akina nani. Mtarudishwa, na mimi nitashtakiwa. Tusubiri jua lipungue, pengine ugonjwa utamwacha."

Tukasubiri. Nami nilikubali kusubiri, nisimtwishe lawama yeye peke yake. Alasiri Kondo aliniita. Sauti ilikuwa imekatika, imebaki pumzi yenye maneno.

"Mnyamwezi."

"Naam, mvivu wa pwani."

"Leo nimekubebesha mzigo." Akajaribu kucheka. "Usiniache nifukiwe kama mbwa."

Jua lilipokuwa linagusa miti alikuwa amekwisha kukata roho.

Mihayo alitaka tumfunge turubai tumzike upesi nyuma ya shamba. Nilikataa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumkatalia mtu mzima. Nilimwambia huyu ni mtani wangu, nisipomwosha mimi ataoshwa na nani, na mifupa ya wazee wetu iliyoko kwao nitaiambia nini? Mihayo aliniangalia sana. Kisha akaingia ndani, akatoka na shuka yake nyeupe ya kwendea mikutano, akanipa iwe sanda, na akasimama pembeni akilia bila sauti.

Mimi ni mtoto wa kanisani, Kondo alikuwa Mwislamu, na shehe hatukuthubutu kumwita. Nilifanya nilichokijua. Nilijua kwamba maji ya maiti hayamwagwi ovyo, huchimbiwa shimo. Basi nikachimba. Ardhi ya pale uani ni ngumu, jembe linaruka kama umepiga bati. Palipokuwa laini ni mahali pamoja, juu kidogo ya kisima, pale Mama Nyamizi alipozoea kupanda mchicha. Nikachimba hapo. Nikamwosha Kondo vizuri, kichwa mpaka vidole, nikimwambia maneno ya utani yote niliyoyajua. Maji yote, na uchafu wote, nikavielekeza kwenye shimo. Nilijiona mtu mwema. Nilijiona nimefanya jambo ambalo babu yangu angelisifu.

Tulipomaliza kumzika nilivaa shati lake kama desturi inavyotaka, nikatembea kwa mwendo wake wa kuvuta mguu, nikamwamkia Mihayo, "Shikamoo, mjomba." Bukuru alicheka, kicheko kikageuka kilio. Uji wa Kondo uliobaki kwenye bakuli lake nikaunywa, maana mtani hula cha marehemu. Nilipokuwa nalinywa lile funda la mwisho mvua ikaanza, ile mvua ya kwetu isiyojua kunyesha kidogo. Asubuhi shimo langu lilikuwa limejaa likamwagika, na mfereji mwembamba wa maji ulikuwa umejichora kutoka hapo mpaka ukingoni mwa kisima. Niliuona. Nikausawazisha kwa mguu, nikaenda kuchuma majani.

Mimi niliugua siku mbili baadaye. Mihayo alinipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akanifunika gunia. Safari hii hakusubiri. Njiani aliniinamia.

"Luhende, sikiliza, mwanangu. Wewe nitasema ni mpwa wangu uliyekuja kusalimia. Ukiulizwa, ulikuwa peke yako. Bukuru nitamsafirisha nikirudi. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilimpenda mzee yule. Angeweza kunitupa.

Chupa ya kwanza siikumbuki. Ya pili nakumbuka baridi yake ikipanda mkononi mpaka begani. Nesi alikuwa mmoja kwa madarasa mawili, jina lake Perpetua, mwanamke mfupi mwenye kandambili za rangi mbili tofauti. Ndiye yule yule aliyekuja na orodha. Aliitambua sura ya Mihayo, akaendelea na kazi.

"Mpwa wa Mihayo," aliniambia, "umekauka kama jani la wiki mbili. Kunywa."

"Nakunywa, dada."

Hapo ndipo niliposikia sauti yangu. Haikuwa yangu. Ugonjwa huu hukausha koo mpaka sauti inakuwa ya mzee, nyembamba, ya pumzi. Ilikuwa sauti ya Kondo ya alasiri ile. Kila nilipofungua mdomo kuomba maji, Kondo ndiye aliyeomba. Vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa, na nilipoviangalia niliona vidole nilivyoviosha. Nikaacha kusema. Mwenzangu wa kitanda cha pili, dereva wa lori la pamba aliyeshikwa na ugonjwa njiani kutoka Igunga, alidhani nimepotewa na akili, akawa ananisimulia magari yote aliyowahi kuendesha ili nisilale moja kwa moja. Alikufa kwenye chupa yangu ya nne. Alikuwa amefikia gari la tano.

Nilijaribu kujichekesha kwa ndoto yangu. Niliwapanga wagonjwa wote mbele ya pazia langu la ndege, warefu nyuma, wafupi mbele, nikawaambia wasipepese macho. Kila nilipowapanga kulikuwa na mmoja wa ziada pembeni, asiye na meno, anayekataa kutulia.

Nesi Perpetua aliuliza kila mgonjwa swali moja: mnachota maji wapi na nani mwingine anachota hapo? Aliniuliza mara tatu. Mara tatu nikamwambia nilikuwa peke yangu. Kila jioni nilijiambia Bukuru amekwisha kuondoka. Lakini nilijua moto wa bani unavyotaka watu, na nilijua Mihayo amebaki na mmoja tu.

Kwenye chupa ya sita alikuja kubadilisha sindano, akalowanisha kitambaa, akanipaka midomoni. Hakuwa ameombwa na mtu kufanya hivyo. Wagonjwa walikuwa wanamwita kila upande, naye alisimama akanilowanisha midomo taratibu kama mtu asiye na kazi nyingine duniani. Nikashindwa.

"Dada, kwenye bani hakukuwa na tumbaku tu."

Akainama mpaka sikio lake likagusa mdomo wangu. "Wangapi?"

"Watatu. Mmoja tulimzika. Mmoja yumo bado. Na nyumba nzima inachota kisima kimoja."

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu chupa ya kwanza."

Nilitegemea anikaripie. Alifunga sindano, akahakikisha inadondosha, halafu akatoka nje akiwa anakimbia, kandambili moja ikamvuka akaiacha mlangoni. Nilimsikia akimwita dereva wa trekta la kijiji.

Trekta lilirudi na tela kabla ya jua kuzama. Walikuwemo Bukuru, anaharisha lakini anawatambua watu, na Mama Nyamizi, ambaye hakuwa anamtambua mtu tena. Mihayo alikuwa amekaa katikati yao, amewashika wote wawili mikono. Alipopita dirishani kwetu aliniangalia. Sikuona hasira, na afadhali ningeiona.

Bukuru alipewa kitanda cha yule dereva. Mama Nyamizi alilazwa darasa la pili, nyuma ya ukuta wangu. Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Nilimsikia akiagiza mambo ya jikoni: nani afunike unga, nani akatoe kuku kwenye mchicha. Alfajiri ya chupa yangu ya kumi aliacha kuagiza.

Nilimwuliza Nesi Perpetua kama kisima ndicho kilichotuambukiza. Akasema kisima kimeingiwa na ugonjwa, wamekitia dawa na kukifunga, ila huenda kilikwisha kuharibika tangu Kondo mwenyewe aanze kuugua, hakuna wa kujua. Nilitaka sana kumwamini. Hakuniuliza nimemwosha wapi maiti, nami sikusema. Neno la kwanza lilinitoka. La pili likashuka ndani zaidi.

Chupa zilipokwisha nikawa nakunywa maji ya chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Mama alifika kutoka Lusu baada ya kuzuiwa njiani mara mbili. Hakuruhusiwa kuvuka kamba ya uwanja wa shule. Nilikokotwa mpaka kizingitini, tukaamkiana kwa mbali kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Akanikazia macho. "Huyu ndiye wangu, au mmenibadilishia?"

"Ni mimi, mama. Nimepungua tu."

"Sauti hiyo umeitoa wapi?"

Alikaa pale nje ya kamba siku nne, akilala kwenye baraza la duka la ushirika, na kila asubuhi alipiga kelele kuniuliza kama nimekula. Hiyo ilikuwa dawa yangu ya kumi na mbili.

Kufika nyumbani si kwamba ugonjwa umeisha. Hilo ulijue. Kaka yangu Masanja alinitengea sahani, kikombe na kigoda. "Si kwa ubaya, mdogo wangu. Nina watoto." Mkewe alipoona nakaribia mtungi aliwaita wanawe kwa majina yote matatu. Mama alisubiri tukae kula, akaja na kigoda chake, akatia mkono kwenye sahani yangu, akala, akimwangalia Masanja. Baada ya wiki mbili Masanja naye akaja. Nywele zangu zilikuwa zimepukutika kwa mafungu, na kitana nilimpa mtoto wake achezee. Usiku nililala vizuri tu. Mchana, nikichota maji, nilikuwa nausikia mguu wangu ukilisawazisha tope lile.

Kama wewe uko mbali na kwenu sasa, unaishi kwenye bani au stoo ya mtu ambaye hawezi kukutaja jina, na mwenzako ameanza kuharisha, usisubiri jua lipungue. Toka nje ukaonekane. Kurudishwa kwenu kwa nguvu ni jambo dogo. Na mtani wako akifa kwa ugonjwa huu, mtukane kwa mbali, umlilie, lakini waache wenye dawa wamwoshe. Wazee wetu hawakutuachia desturi ili zituue. Nilijifunza hilo nikiwa nimechelewa, na kujifunza huko hakujanipunguzia kitu.

Kiangazi kilipoingia, tumbaku imekwisha kuuzwa, nilipanda lori nikarudi kwa Mzee Mihayo. Nilimkuta peke yake uani, anachagua mbegu kwenye ungo, kazi ambayo ilikuwa ya mkewe. Alikuwa amelipishwa faini na kusemwa mkutanoni, amekonda, lakini alinipokea kama mgeni wa heshima. Akanitolea kigoda. Tukaulizana habari za mvua, habari za Lusu, habari za Bukuru aliyekwisha kurudi Kigoma. Habari zikaisha.

"Mjomba," nikasema, "siku ile nilipomwosha Kondo, shimo la maji nililichimba juu ya kisima. Kwenye mchicha. Mvua ikalimwaga. Asubuhi niliuona mfereji umeingia kisimani. Nikaufukia, nikanyamaza."

Mikono yake ilisimama kwenye ungo. Kuku walikuja wakadonoa mbegu pembeni, hakuwafukuza.

"Asubuhi ile," akasema mwishowe, "Mama Nyamizi alichota ndoo mbili."

"Najua, mjomba. Nilimtwisha."

Akaweka ungo chini. "Mimi ndiye niliyesema kuna tumbaku. Hilo ni langu, nalala nalo. Hili lako siwezi kukubebea." Akasimama. "Wanangu waliokuja kwa msiba wa mama yao wanarudi sasa hivi kutoka shambani. Nitawaambia mimi mwenyewe, lakini wasikukute. Ondoka, Luhende. Na msimu ujao usije."

Niliitikia, nikamwachia lile shati la Kondo nililokuwa nimelifua na kulikunja, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya nalo. Nilikuwa nimefika kwenye njia ile ya zamani, nyuma ya shamba, aliponiita kwa jina. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni pa bani, mkono mmoja ukutani.

"Maji ya kunywa njiani," akasema, "hakikisha yamechemshwa."

Kisha akaingia ndani.